Hodi ya Pili

Kokompe, mtaa wa mafundi magari wa Takoradi, Ghana, saa sita mchana: nyundo, cheche za kuchomelea, redio nne zinazoshindana. Araba alikuwa ameinamia cherehani, anashona kava la kiti cha teksi, kivuli kikatanda juu ya kitambaa. Hakuwa amesikia hatua.

Mwanaume alisimama na pikipiki ya zamani, nyekundu, iliyong'arishwa kama sufuria ya harusi. Shati lake jeupe lilipigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Vidole vyake vilikuwa vimeingiwa na grisi isiyotoka tena.

"Nishonee kiti cha watu wawili, sista."

"Na huyo wa pili yuko wapi?"

"Anakishona."

Araba alicheka mpaka sindano ikamponyoka. "Mdomo huo umeutoa wapi, wewe?"

"Jeshi la majini. Miaka kumi na miwili kwenye chumba cha injini. Kule usipojua kutania, unarukwa na akili."

Aliitwa Kow Arhin. Kiti kilipokwisha, Araba ndiye aliyekikalia. Kila Jumapili alivaa gauni lake la njano, akafunga kitambaa kichwani, wakazunguka barabara ya pwani. Kow alikuwa na Peugeot kuukuu pia, akiizungumzia kama mgonjwa wa nyumbani: leo imekohoa, leo imeamka vizuri.

Mambo mawili tu yalimtatiza Araba. Kow hakula mbele yake. Alipomsogezea dokono, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki wa kukaanga, alisema, "Nitakula nyumbani, mpenzi." Na simu yake iliita mlio mmoja tu, ikakata.

"Bahili wewe! Kila siku kunibipu," Araba alimtania akimpigia.

"Ukinipenda utapiga."

"Na nisipokupenda?"

Upepo ulivuma ndani ya simu, ingawa Kow alikuwa amesema yuko chumbani. Kisha akasema taratibu, "Jumamosi asubuhi nakuja kubisha mlango kwenu, kuleta posa. Waambie wazee waandae viti."

Usiku huo furaha ilimnyima Araba usingizi. Alhamisi akabeba makava ya viti vya Peugeot aliyoyashona kwa siri, akaenda nyumbani kwao Kow, Sekondi, kumshtukiza. Mlango ulifunguliwa na mama mzee. Sebuleni, ndani ya fremu ya kioo, palikuwa na bango la mazishi. Kow, kofia nyeupe ya jeshi, tabasamu lile lile. Amefariki baharini, akiwa na miaka thelathini na mmoja.

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Kow."

Mama mzee akashika fremu ya mlango. Huyu alikuwa Bentsiwa, mama yake mkubwa Kow. "Siku nyingi sijasikia jina hilo humu ndani. Huyo tulishamlilia. Mwili haukupatikana, tukazika sare yake."

Uani, injini ya Peugeot ikaunguruma. Bentsiwa hakugeuza hata kichwa.

Araba alikimbia, akaacha makava pale pale. Tangu utotoni alijua habari za waliokufa kabla ya siku zao: huhamia mji wa jirani, wakafanya kazi, hata wakaoa. Hawali na watu. Na huita mara moja tu. Ndiyo maana mama yake alimfunza asiitike mwito wa kwanza.

Ijumaa simu ililia mlio mmoja. Hakupokea. Alasiri kivuli kikasimama nje ya pazia la kibanda chake.

"Araba."

Alikamata mkasi.

"Umeona bango," sauti ikasema. "Mashua yetu ilipinduka. Wavuvi wa ng'ambo wakaniokota, nikalala hospitali miezi minne bila kujua jina langu. Niliporudi, walikuwa wameshanizika, na kwao aliyezikwa akirudi ni mzimu. Tangu hapo hakuna aniitaye, hakuna anayetia mkono bakuli moja nami, hata nimesahau kula na watu. Injini ndizo zinazonijibu."

"Mbona hupigi mara mbili?" Araba aliuliza.

"Nikiita mara ya pili usiitike, nitajua nimekufa kweli."

Machozi yalimshuka Araba, ila mkasi hakuuachia. "Basi kesho njoo na mtu wa kwenu. Akuite kwa jina, nisikie. Bila hivyo sifungui."

Alipovuta pazia, hapakuwa na mtu. Wala hakusikia pikipiki ikiwaka.

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Wazee wa Araba walikuwa wameketi na nguo zao nzuri. Mlango ukagongwa.

Mara moja.

Mjomba akainuka. Araba akamshika mkono. "Subiri, mjomba."

"Nisubiri nini? Wageni hao!"

"Tafadhali."

Nje kulikuwa kimya, hata kuku hawakulia. Araba alihesabu pumzi zake. Alifika ya saba, ya nane. Moyo ulianza kumwambia alivue gauni la njano.

Ngo. Ngo.

Kisha sauti ya yule mama mzee wa Sekondi, iliyokwaruza kama mlango wa siku nyingi: "Kow! Kow Arhin! Gonga kwa nguvu, mwanangu, jua linanichoma!"

Mtu alilia nje, au alicheka. Araba alifika mlangoni kabla ya mjomba, akauliza kama desturi inavyotaka, "Nani?"

"Ni sisi," Kow akajibu. "Na nina njaa."