Gobori la Misumari Minne

Zama zile misafara ya pembe ilipokuwa ikikata nchi ya Unyalungu kwenda pwani na kurudi na kaniki, shanga na baruti, magobori yalizagaa mno, na kila mwenye gobori alijiona mtemi. Nyanzala, mwanamke aliyeitawala nchi hiyo, alichoshwa nao. Akapiga mbiu kwamba kila gobori lipelekwe kwa mhunzi wa ikulu, lipigiliwe kitakoni misumari ya shaba kwa mpango wa mwenyewe, usiofanana na wa mtu mwingine. Anayeuza na anayenunua wafike wote wawili kwa mhunzi, ing'olewe misumari ya yule na kupigwa ya huyu. Wasipofika, kila risasi itakayotoka humo ni ya yule ambaye misumari yake imo.

Mihambo, mwindaji wa ndovu, alipigiliwa misumari minne. Alikuwa hodari kweli, mpaka macho yalipoanza kuingia ukungu. Siku moja akamkosa ndovu aliyesimama karibu kiasi cha kutupiwa jiwe, na wenzake wakacheka wakishika mbavu. Yeye naye akacheka, maana angefanya nini? Alipofika nyumbani hapakuwa na wa kumweleza. Mkewe alikwisha kufa, hawakujaliwa mtoto, na jioni zake alizimaliza akiongea na kaburi lililokuwa nyuma ya nyumba.

Mtu mmoja tu alibaki wa kumwita ndugu, naye ni Kapaya wa nchi ya Ubaraga, ng'ambo ya pori. Walipokuwa wapagazi ndui iliwakamata pamoja, msafara ukawaacha njiani wafe. Hawakufa. Walipopona walichanjana vifuani, wakalishana ini la mbuzi lililopakwa damu zao, wakaapa kwamba mmoja hatamtaja mwenzake mbele ya hukumu yoyote.

Basi Kapaya alikuja kumtembelea akiswaga mtamba, akamwomba amuuzie lile gobori, kwa kuwa kwao nguruwe mwitu walikuwa wanamaliza mtama. Mihambo alikubali bila ubishi. Asubuhi ya kuagana ndipo alipotaja, kwa sauti ya chini, kwamba ingefaa wapitie kwa mhunzi. Kapaya akaweka chini kata ya togwa.

"Siku tuliyochanjana, ndugu yangu, shahidi wetu alikuwa nani?"

Mihambo aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Kwa watu wa nchi zile, kuleta shahidi kati ya ndugu wa kuchanjana ni kusema kwamba damu imeoza. Akamfungulia Kapaya njia mwenyewe, na misumari minne ikaenda Ubaraga.

Mwaka wa pili wake, baada ya mavuno, rugaruga, wapiganaji wa kuteka nyara, waliizingira ikulu ya Nyanzala. Walikuwa na vilemba vyekundu na mikufu ya meno ya watu, nao walipiga lango siku tatu mfululizo. Mihambo, asiyeona mbali, alishinda akibeba maji na kufunga majeraha. Siku ya tatu wakatimuliwa, lakini Lugoye, mlinzi wa lango, alikwisha kupigwa risasi ya koo. Gobori lililomuua liliokotwa handakini, karibu na maiti ya aliyelishika. Kwa misumari ile minne, hakuna aliyehitaji kumwita mhunzi alitambue.

Baraza lilikaa mchana kweupe. Nyanzala alilaza gobori mapajani, akapitisha kidole juu ya misumari.

"Mihambo, nakujua hukumuua Lugoye. Ulikuwa ndani unanichotea maji. Nitajie tu uliyemuuzia, urudi nyumbani kwako."

Mjane wa Lugoye alikuwa ameketi mbele ya Mihambo, naye Mihambo hakuweza kumtazama. Alilifikiria lile kaburi nyuma ya nyumba. Alikifikiria kifua chake chenye kovu, akajiambia kwamba Kapaya naye asingemtaja yeye.

"Misumari ni yangu, Mtemi," akasema. "Risasi ni yangu."

Nyanzala alihuzunika waziwazi, ila sheria aliitunga mwenyewe. Moto wa Mihambo ukamwagiwa maji, nyumba zote zikakatazwa kumpa kaa la moto, naye akatolewa nchini. Masimulizi ya Unyalungu yanamkumbuka mpaka leo kwa jina la Mihambo aliyewauzia adui gobori. Uongo mtupu, lakini ndio uliobaki.

Yeye alishika njia ya Ubaraga. Siku tano alitembea peke yake porini, akijisemesha ili asikie sauti ya mtu. Hakuwa na kinyongo. Alichotaka ni mahali pa kukaa karibu na mtu anayemjua.

Kapaya alipomwona alimvuta upesi nyuma ya ghala, akasikiliza habari zote. Akakiri kwamba gobori alilibadilisha kwa chumvi na wapita njia, wala jina lao hakuuliza. Akamsihi asijulikane pale, kwa maana mtemi wa Ubaraga naye alikuwa anawasaka waliowapa rugaruga silaha.

"Utaniua, Mihambo," akasema. "Ningeulizwa mimi, ningekwisha kukutaja."

Wakati huo jirani mmoja, mama aliyetoka kisimani na mtungi, akapita na kuwaamkia. Akauliza mgeni ni nani.

"Mpita njia," akajibu Kapaya. "Anaomba maji."

Mama akatua mtungi, akamchotea. Alimtazama yule mzee miguu iliyopasuka na kaniki iliyochanika, akaingiwa na huruma.

"Baba, huna ndugu huku ukapumzika kidogo?"

Mihambo akamgeukia Kapaya, akamngoja. Kapaya aliinamisha uso, akawa anaondoa tope lisilokuwepo kwenye ukuta wa ghala.

"Sina, mwanangu," akasema Mihambo. Akanywa maji, akashukuru, akamwuliza mama yule njia inayotoka Ubaraga ni ipi.