Kijungu Kilichooshwa

Hurmat alikiosha kile kijungu Jumanne asubuhi, huku akiimba. Maafa yake yote huanza hivyo, kwa kusaidia. Huyu ndiye mtu aliyeendesha lori Karachi hadi Kashgar miaka ishirini bila kupinduka hata mara moja. Ile ya mtoni haihesabiki, lori lililala tu.

Kijungu kilikuwa cha mama yake, Bibi Gulsambar, aliyefariki vuli ile. Cha jiwe, cheusi, cha marhamu ya watoto walioungua. Nusu ya watu wa bonde walipakwa marhamu hiyo utotoni, kwa kidole cha shahada cha Bibi ambacho ncha yake ilikatwa na jiwe la kusagia. Mafuta ya kokwa za aprikoti, nta, na kijiko cha marhamu ya zamani. Kijiko hicho ndicho mbegu: mpya hupikwa juu ya masalia, na kijungu hakioshwi kamwe.

Hurmat aliona uchafu tu. Masalia akapaka bawaba za mlango wa lori, maana zilikuwa zikilia.

"Umekiosha?" mkewe Mahjan alinong'ona. "Cha mama?"

"Kilinuka kama soksi zangu."

"Ndiyo maana alikuita dereva wa punda."

Alhamisi Rukhi, kitinda mimba wao wa miaka mitano, aliteleza. Kiganja kikatua juu ya jiko la chuma.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya bonde, na theluji ilikuwa imeporomoka ikaziba barabara. Hurmat akapika marhamu mwenyewe. Ikakatika, mafuta huku, nta kule. Kufika Jumamosi mkono ulivimba na kuanza kunuka.

Adhuhuri hiyo, jua likimeta juu ya theluji, Mahjan alikuwa zizini, Hurmat akiparua theluji juu ya paa. Aliposhuka, nyumba ilinukia aprikoti na nta. Kitambaa alichofungwa Rukhi mkononi kilikuwa kimefunguliwa, kimekunjwa pembe kwa pembe. Kiganja kilimetameta.

"Nani kakupaka?"

"Bibi."

Hurmat alicheka. Kicheko hakikufika mbali. "Bibi yupi, mwanangu?"

"Anasema kijungu hakina mbegu. Ataitoa kwangu." Mtoto alipiga mwayo. "Kasema wewe dereva wa punda."

Akachungulia kijunguni. Chini mlikuwa na marhamu, kina cha kucha. Ilikuwa bado vuguvugu.

Jumapili uvimbe ulishuka. Marhamu kijunguni ilipanda. Rukhi hakuweza kuinua kichwa.

Jumatatu kijungu kilifika nusu. Mkono unapona, mtoto anapoa. Midomo ya bluu. Pumzi nyembamba. Mahjan hakubanduka kando yake. Alipepesa jicho tu, kitambaa kikawa kimekunjwa.

"Kikijaa je?" alinong'ona.

Hurmat alishika kisu, akatoka mbio hadi kwenye lori. Akazikwangua bawaba. Kutu, grisi, na humo ndani, harufu ile. Haikufika kijiko. Akarudi, akaitumbukiza kijunguni.

"Mama, mbegu yako hii. Ina grisi kidogo. Nimekosa, mama. Niachie mtoto."



Nje, mlango wa lori ukalia. Taratibu. Ukafunguka. Hapakuwa na upepo. Kisha ukajifunga.

Rukhi akakohoa. Akaomba mkate.

Miaprikoti ilipochanua, jirani alileta mwanawe aliyemwagikiwa chai. Mahjan akatoa kijungu. Rukhi akawahi kuchota kwa kidole, bila kuambiwa na mtu.

Hurmat huvihesabu vidole vya mkono ule wa binti yake kila asubuhi. Vitano, vizima, na kucha zake. Siku hiyo akainama kutazama mfereji ambao kidole cha Rukhi kiliuacha juu ya marhamu.

Ulikuwa mpana, wa kidole cha mtu mzima. Mwisho wake ulikuwa butu, kama uliokatwa na jiwe.