Mugomba wa Élie

Hii mambo ilimufikia rafiki yangu Bibiche kule Nyabiondo, na hata leo hapendi niitaje.

Kaka yake Élie alipotelea mu pori, upande wa Pinga. Wakamungojea mupaka wakachoka, familia ikazika kipande ya mugomba pahali pake, imefungwa mu kitenge ya mama yao, sawa vile tunafanya kwa muntu asiyerudi. Bibiche peke yake alikataa. Akatengeneza ukurasa wa internet wenye picha ya Élie, ili motard, muntu wa pikipiki, aupeleke Pinga mu clé USB, bantu wa kule wamutambue.

Siku ile mvua ilitia giza ndani ya nyumba, ijapokuwa ilikuwa muchana. Anaandika code ku kompyuta, anafungua ukurasa mu navigateur auone: weupe mutupu. Anarudilia. Weupe. Batri inaisha, motard anapiga honi inje.

“Élie, ujionyeshe basi!” akalia.

“Wacha, Bibiche,” mama yake akasema toka jikoni. “Tulishamuzika.”

Njo akaona kosa: kumbe fichier, faili ya ile code, haikuhifadhiwa. Akaihifadhi, akafungua tena.

Mvua ikanyamaza gafula. Honi pia.

Picha ikatokea. Mu ile picha Bibiche alichagua, Élie alivaa uniforme ya masomo, mikono mitupu. Sasa alikuwa amebeba mugomba ku bega, umefungwa mu kitenge ya mama, udongo ingali mubichi.

Inje, mbele ya mulango, kitu kizito kikatuliwa chini.