Kengele Kwenye Rundo la Vyuma

Wilhelmina hakuwa na viatu vya shule. Hakuwa na mkoba. Madaftari yake aliyabeba kwenye mfuko wa plastiki uliowahi kubebea sukari. Hakuwa na mama, kwani mama yake alifariki yeye akiwa darasa la kwanza, wala hakuwa na kaka au dada wa kumsaidia kuchota maji. Hayo yote alikuwa ameyazoea. Kitu kimoja tu ndicho kilichomnyima raha mwaka ule: baba yake hakuwa na leseni.

Baba yake, Shimba, alinunua vyuma chakavu huko Mkuyuni, kwenye kiwanja kidogo kilichobanwa na majabali mawili. Ilikuwa miaka ya ruksa. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na kila mwenye mizani aliweza kununua sufuria zilizotoboka, mabati na springi za magari, kisha lori likaja kuvipeleka viwandani Nyakato. Lakini baada ya muda mifuniko ya mitaro ilianza kutoweka barabarani, na nyaya za simu nazo zikafuata. Halmashauri ikatangaza kwamba kila mnunuzi wa vyuma chakavu lazima awe na leseni, na kila mwombaji alete barua ya mdhamini, mtu anayeheshimika, atakayethibitisha kwamba mwombaji hanunui mali ya wizi. Asiye na leseni ifikapo mwisho wa mwezi, kiwanja chake kingefungwa.

Barua hiyo ndiyo iliyomshinda Shimba. Mwenye duka alimwambia arudi kesho, na kesho yake akamwambia vivyo hivyo. Hata mwalimu mkuu wa shule, Mwalimu Sihaba, alimjibu kwa upole, "Baba Wilhelmina, mimi sijui vyuma vyako vinatoka wapi. Nitaandikaje nisichokijua?"

Shimba hakukasirika. Tangu siku hiyo alimfundisha binti yake kumuuliza kila mleta chuma swali moja kabla ya kugusa mizani: "Umekitoa wapi?"

Jumamosi moja Shimba alikwenda mjini kutafuta mdhamini, akamwacha Wilhelmina kiwanjani. Nyuma ya jabali wasichana wenzake walikuwa wanacheza rede, wakirushiana mpira na kuukwepa.

"Mina! Njoo bwana, tumepungukiwa mtu!"

Wakati huohuo akafika Mama Precious, mwanamke aliyeponda kokoto chini ya mlima, akisukuma rimu ya gurudumu la lori iliyoshika kutu. Wilhelmina akaipima upesi, akamlipa, akaibwaga kwenye rundo, akakimbilia rede. Lile swali hakuliuliza.

Jumatatu wanafunzi walichelewa kuingia madarasani, kwa kuwa kengele haikulia. Shule yao ilijengwa juu ya mlima, na kengele yao ilikuwa imening'inizwa kwa kamba kwenye boriti, kati ya mawe mawili makubwa. Walikuwa wameiita kengele kwa miaka mingi hivi kwamba hakuna aliyekumbuka kuwa ni rimu ya lori. Sasa boriti ilibaki na kipande cha kamba tu.

Mlinzi wa shule, Mzee Mayala, alisimama mbele ya walimu akiwa na kofia mkononi.

"Jumamosi nilikwenda zahanati, mwalimu. Niliporudi sikuikuta."

"Kengele haina miguu, Mzee Mayala," alisema mwalimu wa zamu. "Isipopatikana wiki hii, kamati itatafuta mlinzi mwingine."

Mstarini, mvulana mmoja aitwaye Yeremia, ambaye mdomo wake haukupumzika, alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Babu kaiuza, kanunua ugoro!"

Watoto wakacheka. Wilhelmina naye akacheka. Mzee Mayala aliwatazama, akavaa kofia yake polepole, akaondoka. Ndipo Wilhelmina alipokumbuka kwamba huyu ndiye aliyekuwa akimtoa miiba miguuni kwa pini yake, huku akimsimulia habari za ng'ombe ili asilie. Kicheko kikamkauka.

Jioni ile alikuwa anapanga vyuma, kwa sababu lori la Nyakato lingekuja kesho yake. Nondo ikamponyoka, ikaigonga ile rimu.

Ngeee!

Njiani palikuwa na mtoto wa darasa la kwanza aliyetumwa mafuta ya taa. Aliposikia mlio ule akatimua mbio kuelekea shuleni, chupa mkononi, kisha akasimama akishangaa jua linalozama. Siku nyingine Wilhelmina angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo aliiokota nondo, akaikodolea macho rimu.

Kesho lori lingeibeba rimu, na hakuna ambaye angejua. Akisema, mtaa mzima ungesema kwamba Shimba ananunua vya wizi, na leseni wangeisahau kabisa. Asiposema, Mzee Mayala angefukuzwa kazi. Alisimama pale na nondo mkononi mpaka baba yake akatoka ndani.

"Baba, kengele ya shule iko kwenye rundo letu. Niliinunua mimi. Sikuuliza."

Shimba aliitazama rimu. "Umejuaje?"

"Nimeigonga."

"Kuna mwingine anayejua?"

"Hakuna, baba."

Shimba alikaa juu ya injini kuukuu.

"Ningeigundua mimi kwanza, mayu, sijui ningefanya nini," alisema mwishowe, akimwita kwa jina la Kisukuma alilombembelezea tangu akiwa mchanga. "Lakini umeigundua wewe, na umeniambia. Haya, katafute kamba mpya."

Asubuhi, wakiisukuma rimu, walipitia kwanza kwa Mama Precious.

"Shikamoo mama," alisema Wilhelmina. "Rimu hii uliitoa wapi?"

"Marahaba. Leo ndiyo mnauliza?" Mama Precious aliweka nyundo chini. "Niliiokota korongoni, imelala kama ng'ombe aliyeshiba. Nilidhani imetupwa. Twendeni niwaonyeshe."

Kutoka korongoni walifuata nyasi zilizolala na udongo uliochimbika, wakapanda, wakapita pengo la uzio, mpaka wakajikuta chini ya boriti ya kengele. Kipande cha kamba kilikuwa bado kinaning'inia pale. Shimba alikisugua kwa vidole, kikapukutika. Kilikuwa kimeoza.

Walimu na wanafunzi wakakusanyika, na Wilhelmina akawaeleza yote tangu Jumamosi. Mwalimu Sihaba alitazama kamba, akatazama mteremko, akatazama rimu.

"Jamani! Imebingirika yenyewe!"

"Mwalimu alisema haina miguu," alidakia Yeremia. "Kumbe yenyewe ndiyo gurudumu!"

Hata mwalimu wa zamu alicheka, kisha akamwomba Mzee Mayala radhi mbele ya wote. Wilhelmina akamsogelea mzee.

"Babu, nisamehe. Jana na mimi nilicheka."

"Kucheka si neno, mjukuu wangu. Kilichoniudhi ni huo ugoro. Mimi navuta kiko!"

Mwalimu Sihaba akawageukia wanafunzi. "Wilhelmina aliacha kuuliza swali moja, na mzee wetu akakaribia kupoteza kazi. Kosa hilo alikumbuke. Lakini alipolijua hakulificha, ingawa kulificha kulikuwa rahisi kuliko kulisema. Nanyi mkikosea, fanyeni hivyo, tena mapema, kabla lori halijaja." Kisha akamwambia Shimba, "Ingia ofisini. Sasa ninajua wewe ni mtu wa namna gani. Barua yako nitaiandika."

"Andika na hili la rimu, mwalimu. Andika kwamba tuliinunua bila kuuliza."

"Wakikunyima leseni kwa hilo?"

"Wakinipa bila kulijua, watakuwa wamempa mtu mwingine."

Mwalimu Sihaba akaandika yote, akagonga muhuri wa shule, akaikunja barua. Bahasha ilikuwa kuukuu na gundi yake haikushika. Mzee Mayala akafungua kibakuli chake, akamega ugali wa muhogo kidogo, akaupaka ukingoni, akaubana kwa dole gumba mpaka ukakauka.

"Hapo hata mvua haifungui," alisema.

Shimba akaitia bahasha mfukoni mwa shati, akafunga kifungo, akaanza kuteremka kuelekea mjini kwa afisa biashara. Rimu ilikuwa tayari imefungwa kwa kamba mpya, na Mzee Mayala akamkabidhi Wilhelmina nondo. Mlio ulipomfikia Shimba mteremkoni, aligusa mfuko kuona kama barua ipo, akaongeza mwendo.