Bundi Katika Sufuria ya Mama

Nina miaka arobaini na tisa, nimesoma mpaka chuo kikuu, nimeandika makala ambazo watu wachache wamezimaliza, na mke wangu husema naweza kueleza jambo lolote duniani isipokuwa mahali nilipoweka miwani yangu. Lakini mkasa huu sijawahi kuuandika... Kila nilipouanza, kalamu ilikimbilia siasa. Ninyi mnaosimulia katika kurasa hizi hamjifichi. Basi na mimi leo sijifichi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, na Wabelgiji walikuwa bado wanaamini kwamba wajukuu wao watazeekea kwetu. Baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa relini. Asili yake ilikuwa upande wa Pweto. Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi, nyumba nzuri ya matofali, ila haikuwa yetu. Ilikuwa ya mwajiri. Neno hilo mlikumbuke, maana hapo ndipo tuliposhikwa.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, kitengo cha sayansi, katika koleji ya mapadri. Darasa lilijaa watoto wa Wazungu. Weusi tulikuwa wawili tu, mimi na Prosper.

Prosper alikaa nyuma ya nyumba yetu. Tulikwenda shule kwa baiskeli moja, yeye akikanyaga asubuhi, mimi nikikanyaga jioni. Mama yake akipika sombe ya majani ya mihogo, sahani yangu ilikuwepo. Ningeulizwa wakati ule ndugu yangu ni nani, ningemtaja yeye kabla ya wale niliozaliwa nao.

Biolojia ya mwaka ule ilikuwa ngumu, lakini mimi niliipenda mpaka nikawa kero nyumbani. Mama akichinja kuku, nilimweleza kazi ya firigisi kabla hajamaliza kunyonyoa. Siku moja nilimwambia Baba kwamba ndani ya kila haragwe alilokuwa akila kulikuwa na kiinitete kidogo kilicholala kikisubiri maji. Aliweka kijiko chini, akaniangalia, akaomba bukari tupu, yaani ugali bila kitoweo.

Mwalimu wetu tulimwita Padri Hadubini, kwa sababu hata usoni mwako alitazama kama anatafuta seli. Alitangaza kwamba kila mmoja wetu ataunda kiunzi kizima cha mifupa ya mnyama au ndege, na kukileta mbele ya majaji siku ya mtihani wa mdomo. Asiye na kiunzi haingii. Asiyeingia hana diploma. Akaongeza kwamba kati yetu wawili weusi, mmoja atapendekezwa kwenda chuo kikuu.

Mmoja!

Tukachota vikaratasi kwenye kofia yake. Prosper alipata sungura. Mimi nikapata... bundi.

Padri alifurahi kuliko mimi. Alikuwa naye tayari, amegongwa na gari njia ya Kipushi, amehifadhiwa ndani ya spiriti. Alinipa mkono, akasema nimepata fuvu zuri kuliko yote. Prosper alicheka kidogo pembeni yangu, kisha akaacha.

Niambieni, ningefanya nini? Nimweleze Padri kwamba kwetu bundi akitua juu ya paa, Baba anaokota mawe na Mama anaanza kufikiria nani mgonjwa? Niseme hayo mbele ya wale vijana waliokwisha kuniuliza kama kwetu tunalala juu ya miti? Hapana! Nilisema asante, Padri. Nikambeba bundi wangu. Na mpaka leo ningembeba tena.

Maabara ilifungwa kila baada ya masomo. Wenzetu walikuwa na magaraji na watumishi. Sisi tulikuwa na jiko la mama.

Mama nilimweleza kila kitu. Kwamba unachemsha polepole, unaloweka katika maji ya majivu, unachemsha tena, nyama inaachia mfupa. Kwamba hakuna dawa humo, hakuna jina la mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama siwezi kubadilishana na mwenye sungura. Nilisema haiwezekani. Akatafakari, akanionyesha sufuria ya zamani. Akasema niifunike vizuri.

Nikaifunika, nikaweka na jiwe juu ya kifuniko. Pembeni Mama alikuwa akikaanga samaki wakavu wa Pweto ili harufu ifunike harufu. Jirani akiuliza, tulisema ni wanga wa kunyooshea mashati. Nje ya nyumba yetu ni mtu mmoja tu aliyejua. Prosper. Tena alinisaidia kunyonyoa manyoya, mikono yake na yangu katika karai moja.

Kisha surua ikaingia kambini.

Iliwapata watoto wengi, wakapona. Lakini kitinda mimba wa Mama Astrida, jirani yetu wa mkono wa kulia, hakupona. Mtoto niliyemfundisha kupiga mluzi! Tulilia wote. Mama yangu alisonga bukari ya matanga tangu asubuhi.

Na hapo matangani, mtu akauliza kwa sauti ni wanga gani unaolowekwa siku zote hizi kwa Baba Fositini, yaani kwa baba yangu, tena chini ya jiwe. Swali dogo. Wengine wakasema hata wao wamejiuliza. Wakainuka kwenda kutazama.

Jiwe likatolewa. Kifuniko kikainuliwa.

Mnajua fuvu la bundi lilivyo? Ni matundu mawili makubwa ya macho, na mdomo uliopinda. Lilikuwa limeelea juu ya maji ya kijivu, linawatazama. Nasema kweli, hata mimi na Kilatini changu chote, ningekuwa wao ningekimbia.

Neno mulozi, yaani mchawi, lilifika barabarani kabla yangu. Wanawake waliokuwa wametoka tu kula kwa mkono wa Mama walimvuta kilemba. Sufuria ikabebwa kwa vijiti na kumwagwa jaani. Askari wa kambi wakaja... wakatukuta Mama na mimi tumekaa chini, tumeegemeana migongo.

Kesho yake tuliitwa kwenye baraza la ofisi. Mkuu wa kambi, Mbelgiji mmoja mwenye shingo nyekundu, aliketi na wazee. Nilieleza. Nilieleza vizuri mno, na hilo ndilo tatizo langu tangu utotoni! Nilitaja mbavu, nikataja pingili za uti, nikaona nyuso zinazidi kukunjamana. Mkuu akasema hawezi kwenda kuwasumbua mapadri kwa ajili ya ndege. Akauliza kama kuna mtu mwingine wa shule ile anayeweza kuthibitisha.

Mzee mmoja akasema Prosper yuko hapa.

Nikapumua. Wasomaji wenzangu, nilipumua kama mtu aliyetolewa majini! Yamekwisha, nilijiambia. Nilianza hata kuwasamehe.

Prosper alisimama. Alinyoosha kola ya shati lake.

"Miye, padri alinipa sungura," alisema. "Mambo ya bundi, siyue."

Akaketi.

Ni hayo tu. Sehemu ya kwanza ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyoibeba ile sijui mgongoni. Niliitazama mikono yake. Yeye alitazama kofia ya Mkuu.

Kwa nini? Miaka yote hii nimejiuliza. Kulikuwa na nafasi moja, na kulikuwa na woga pia, maana nyumba ya mama yake nayo ilikuwa ya mwajiri. Woga nauelewa. Lakini mtu mwenye woga hanyooshi kola kwanza.

Hukumu ikatoka: mimi niondoke kambini kabla ya jua kutua, la sivyo familia nzima itoke katika nyumba. Mama akainamisha kichwa. Ndipo Baba, mtu ambaye mbele ya Wazungu sauti yake ilikuwa ya ndiyo bwana peke yake, akaomba neno.

"Mutoto atatoka," alisema. "Lakini anaenda kusoma. Haiko anakimbia."

Akanichukua kwa miguu hadi Kamalondo, kwa rafiki yake Baba Amisi, fundi cherehani, Mwislamu wa Maniema aliyenishonea mashati yote ya shule. Baba alimsimulia mkasa wote, hakuficha kitu. Baba Amisi alisikiliza akiwa na pini mdomoni. Akazitoa.

"Ndege mufu?" alisema. "Miye naogopa wateja bazima. Mulete mutoto, alale pale kwa makoti."

Nikalala kwa makoti. Lakini nilikuwa sina kiunzi! Mtihani unakaribia, mifupa yangu iko jaani kati ya majivu na maganda ya mihogo, na nimekatazwa kukanyaga kambini. Nikakata tamaa. Nilianza kufikiria kazi ya ukarani, nihesabu magunia ya watu maisha yangu yote, niwe mnene na nisahau.

Kisha adhuhuri moja, jua likiwa kali, nikamwona Mama anakuja kwa barabara kubwa. Amebeba kifurushi kichwani. Aliingia, akakaa, akakiweka mapajani mwangu.

Ilikuwa mifupa.

Alikuwa amekwenda jaani mwenyewe, mchana kweupe, watu wakimtazama. Alikuwa amechagua mfupa mmoja mmoja kwa vidole vyake. Yeye, aliyekuwa akitema mate pembeni kwa kusikia tu jina la ndege yule! Mikono yake ilikuwa imechubuka. Nikaanza kuihesabu mifupa badala ya kueleza. Mimi!

"Bundi minamuogopa mpaka sasa," alisema. "Lakini bale benye kukuita mulozi, bale nimeacha kubaogopa." Kisha akainamia kifurushi. "Mifupa iko yote?"

Ulikosekana ukucha mmoja na vipingili vidogo vya mkia. Nilimwambia iliyopo inatosha.

Nikaanza kazi. Waya mwembamba, gundi, sindano nyembamba kuliko zote za Baba Amisi. Alinipiga kijembe kila siku, akiniuliza bwana harusi wangu atavaa saizi gani. Usiku na mchana kiunzi kilisimama kati ya makoti, na mteja mmoja akauliza kwa heshima kama huo ndio mtindo mpya wa Bruseli.

Siku ya mtihani ilipofika, njia fupi ya kwenda koleji haikupita kambini. Mimi nilipita kambini.

Nilikibeba juu ya ubao, wazi, bila kitambaa. Nilikuwa nimekatazwa? Nilikuwa nimekatazwa! Askari wa getini alikiona, akageuka kutazama reli. Mama alikuwa akinisubiri hapo na kitenge chake cha Jumapili, na tukapita pamoja katikati ya nyumba. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine mbele yetu.

Mlango mmoja haukufungwa. Mama Astrida alikuwa ameketi kizingitini.

Sikuwa nimepanga kusimama. Nilisimama. Nikaweka ubao chini mbele yake, nikapiga magoti. Nilimwonyesha bawa, kwamba lina mfupa wa juu kama mkono wetu, lina kiwiko, lina kifundo. Nikamwambia ndege huyu anakula panya. Nikamwambia surua inapita katika pumzi, kutoka mtoto kwa mtoto, na hakuna ndege anayeibeba. Kwa mara ya kwanza maishani nilieleza kwa maneno machache.

Alikitazama muda mrefu. Hakunipa mkono, hakuniomba radhi.

"Ulipomuchemsha," aliuliza, "ilimuuma?"

Nilimwambia alikuwa amekwisha kufa.

"Muzuri," alisema, akageuza uso ukutani.

Mbele ya majaji niliulizwa kila kitu, nikajibu kila kitu. Jaji mmoja aliona ukucha uliokosekana, akauliza uko wapi. Nilijibu kwamba uko jaani kambini, kwa sababu mama yangu hakuuona. Alianza kucheka. Aliponitazama, akaacha.

Nilipata diploma yangu! Prosper naye alipata, na sungura wake mweupe, mzuri, sina neno juu ya sungura. Na ile nafasi moja ya chuo kikuu... alipewa yeye. Mkuu wa kambi alikuwa amelalamika kwamba mimi ni mtu wa vurugu. Padri Hadubini aliniambia hayo akiwa na masikio mekundu, akakiri kwamba hakuwahi kuuliza bundi ni nini kwetu. Nilimjibu kwamba ni ndege, Padri, kama kwenu.

Chuo kikuu niliingia baadaye, bendera ilipokuwa imebadilika, nikiwa na ndevu na mtoto. Niliingia hata hivyo.

Prosper amekuwa mtu mkubwa. Juzijuzi tulikutana harusini, upande wa Karavia. Alinikumbatia, akawasimulia watoto wake jinsi tulivyopanda baiskeli moja. Aliishia kwenye baiskeli. Basi nikamalizia mimi, kwa adabu, polepole, mbele ya keki. Mke wangu bado hajanisamehe. Mimi nilijisamehe siku ileile.

Sasa nawaomba, wasomaji wenzangu, hasa ninyi vijana mlio mwaka wa mwisho. Sitawaambia mchague marafiki vizuri, maana nani anaweza? Nawaambia hili: msiweke jiwe juu ya kifuniko. Mnachojifunza, jifunzeni uani, muwaite majirani waje wanuse, waulize, wacheke, hata watukane. Bundi simjutii hata kidogo. Kinachonikera ni ule wanga wa mashati! Na wewe utakayeitwa siku moja kusema unachokijua juu ya mwenzako, usiishie kwenye sungura. Endelea.

Bundi wangu bado yupo, juu ya rafu ya vitabu, na ukucha wake mmoja pungufu. Mama alipokuwa hai, kila alipokuja kunitembelea, kabla hajaketi alimgeuza atazame ukuta. Alimwogopa mpaka mwisho. Kisha alipitisha kidole juu ya ubao, akakitazama, akaniuliza kwa ukali kwa nini simpangusi vumbi.