Mlango wa Upande wa Ziwa

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Iriza, mwaka 2011, siku tulipokwenda kijijini Giheke kubadilisha mabati ya nyumba ya mama yake. Mengine aliyaona kwa macho yake akiwa mtoto. Mengine aliyapata kwa mama yake, Mukandori, ambaye si mtu wa kurudia maneno.

Mukandori alirudi kutoka kambi za wakimbizi za Bukavu mwishoni mwa 1996, Iriza mgongoni, sufuria moja kichwani. Yeye na mumewe, Habineza, walipotezana siku kambi ilipovunjwa kwa risasi. Watu walisema kundi la Habineza liliingia msituni, na walioingia msituni hawakuwa wakirudi. Nyumba aliikuta imeezuliwa. Kila mvua iliponyesha, kifua cha mtoto kilikoroma usiku kucha.

Mwaka uliofuata likaja shirika lililokuwa likitengenezea wajane nyumba. Lenyewe lilitoa mabati, mbao na fundi. Mwenye nyumba alitoa udongo, maji na mikono ya majirani. Masharti yalikuwa mawili: mwanamke awe mjane kweli, na mlango utazame barabara mpya. Mukandori akasimama mbele ya kamati ya shirika.

"Mumeo je?"

Nyuma yake Iriza alikuwa akikohoa.

"Amekufa," akasema.

Hakuna aliyeuliza alifia wapi.

Siku ya kukandika kuta, kilima kizima kilikuja. Fundi Cubaka, mtu wa kabila la Washi kutoka Bukavu, alipiga kelele kutoka juu ya mbao: "Maman Iriza! Hii udongo yako ni kama uji ya mugonjwa! Tia majani!"

"Shuka uikanyage mwenyewe, Papa Cubaka. Miguu unayo, mipana kama ya bata."

Wanawake wakacheka hadi ndoo zikamwagika. Mlango wa zamani, ule uliotazama ziwa, wakauziba kwa fito na udongo. Mukandori aliulainisha mwenyewe kwa kiganja, ndani na nje, mpaka usingejua kama paliwahi kuwa na mlango. Hapo ndipo Habineza alipozoea kukaa asubuhi, akifunga kamba za viatu.

Ukuta wote ulikauka. Pale palipozibwa hapakukauka.

Jioni moja ya mwezi wa kumi na moja, Mukandori alikwenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Alirudi amelibeba juu ya kigae, jua limekwisha kuzama, ziwa limekuwa jeusi. Alipofika uani akasikia kitu.

Sss... sss...

Kiganja kikipapasa udongo.

Akazunguka upande wa ziwa. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya majani yaliyooza, ya mahali ambapo jua haliingii.

Ndani, Iriza alikuwa amekaa kitandani, ameukodolea macho ukuta.

"Mama, baba anatafuta mlango."

Mukandori akainua kaa lile. Penye mlango wa zamani, upande wa ndani, palikuwa na alama za viganja viwili, juu kabisa, mahali ambapo mtoto asingefika. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda. Habineza alikuwa na kidole kama hicho, tangu kilipopondwa na jiwe kule machimboni.

Akachovya maji. Akazifuta.

Asubuhi yake akapita Marguerite, mfanyabiashara wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, aliyekuwa akivuka daraja la mpakani kutoka Bukavu na kulala kwa Mukandori siku za soko. Alipoelezwa, aliweka beseni chini na kusogeza mdomo sikioni.

"Weye ulisema mbele ya batu kama amekufa?"

"Nilisema."

"Basi amekusikia. Akikuya kuuliza mulango, usimuonyeshe. Akiingia, hatatoka yeye peke yake... atabeba mutoto. Na kitu chochote atakiacha, uchome."

Siku hiyohiyo mchana ikanyesha mvua ya mawe. Migomba ililala chini. Jioni kukatulia, matone tu yakidondoka kwenye mabati mapya. Mukandori alikuwa akimlisha Iriza.

Sss... sss...

Akakikumbatia kichwa cha mtoto.

Viganja vilipanda, vikashuka. Vikaenda kulia, vikarudi. Kukawa na pumzi nzito, karibu, kama mtu aliyeegemeza paji la uso ukutani.

"Mama Iriza..."

Sauti ilikuwa imekwaruzika. Lakini ilikuwa ya Habineza.

"Mama Iriza... mlango uko wapi?"

Mlango ulikuwa hatua chache tu, upande wa pili, na komeo lake jipya la shirika. Iriza alifungua kinywa kujibu. Mama yake akakiziba kwa kiganja. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Hapa hakuna mlango," akasema. "Nenda, Papa Iriza. Pumzika. Utuache."

Kisha kitu kikaegemezwa ukutani, taratibu. Nyayo zikateremka kuelekea ziwani, zikijikwaa.

Kulipokucha alikuta pale nje fimbo ya mkaratusi, imebanduliwa gome. Akaitia motoni. Ilikuwa mbichi, ilitoa moshi mwingi, ikachelewa kuungua.

Kiangazi kilichofuata akaja mgeni kutoka Bweyeye, Ladislas, vumbi hadi magotini, akicheka tangu barabarani.

"Wewe ndiye Mama Iriza? Papa Iriza yuko wapi? Aliniahidi urwagwa, na mimi sisahau pombe ya mtu!" Akaketi. "Macho yake je? Yalipona?"

"Macho gani?"

"Hakukwambia? Alipofuka kule msituni. Mimi ndiye niliyemshika mkono mpaka tukavuka mto Rusizi. Ile siku ya mvua ya mawe. Nilimfikisha pale mikaratusini, nikamkatia fimbo. Akasema, niache, nyumba yangu naijua kwa viganja."

Mukandori alisimama, akaingia ndani, akatoka na jembe. Akaanza kuubomoa ukuta wa upande wa ziwa, na Ladislas akabaki na kicheko kimemkauka mdomoni.

Walimtafuta Habineza mabondeni na ufukweni. Hakuonekana, wala mwili. Nani aliyepapasa ukuta jioni ya kwanza, Habineza akiwa bado ng'ambo ya mto, hakuna ajuaye. Wala alama za ndani hakuna aliyewahi kuzieleza.

Ladislas alifariki mwaka 2004. Fundi Cubaka alikufa katika vita vya Bukavu. Marguerite yuko hai, bado anauza sambaza, lakini halali tena Giheke. Iriza yuko hai, ana watoto. Mukandori yuko hai. Nyumba yake ina milango miwili, na ule wa ziwani haufungwi, hata mvua ikiingia.

Habineza hatujui tumweke upande gani.