Kikoi cha Chirau

“Usinishike, Kahindi! Ataona.”

“Nani ataona? Humu ndani tuko wawili na mbwa.”

Sidi alikunja mkono wa blauzi. Juu ya kiwiko palikuwa na alama nne nyekundu, zimevimba sambamba, kama vidole. Papo hapo ndipo Chirau, mumewe aliyefariki mwaka juzi, alipokuwa akimshika wakivuka barabara.

Tangawizi, mbwa waliyemlea pamoja tangu akiwa kijibwa, aliinuka ghafla. Akauendea mlango uliofungwa, akatikisa mkia, akainua kichwa kama anayepapaswa. Alifanya hivyo kila alasiri, wakati ambao Chirau alikuwa akirudi kutoka kazini.

“Waona?” Sidi alinong'ona. “Tangu uje kuniposa, ngozi yangu haina raha. Chirau hataki.”

“Marehemu haoni wivu, Sidi.”

“Wewe Mgiriama mzima, hujui koma akikasirika?”

Kahindi alijua. Roho ya mtu wenu aliyekufa haichezewi. Alitoka, nywele za kisogoni zikiwa zimemsimama.

Sidi akampigia mavyaa wake, mamake Chirau.

“Lala na kikoi chake, mwanangu,” mavyaa alimshauri. “Mtake radhi.”

Sidi akajifunika kikoi hicho, ambacho hakikuwa kimefuliwa tangu mwenyewe azikwe, maana aliogopa kuipoteza harufu yake. Asubuhi aliamka amevimba mpaka kope. Akaandika ujumbe huku akilia:

“Kahindi, nisamehe. Harusi haipo. Sitaki nikuzike na wewe.”

Kahindi aliusoma papo hapo. Aliliacha duka lake la leso la Biashara Street, akafika Mbaraki kwa Sidi jasho likimtiririka.

“Unikatae ukiwa mzima. Kwanza twende kwa daktari!”

Daktari alimpima, kisha akamuuliza, “Una mbwa?”

“Ninaye, miaka sita sasa. Sijawahi kuwashwa naye.”

“Mzio hauna adabu, mama. Huja wakati wowote, hata kwa mbwa uliyemlea mwenyewe. Ngozi yako imemkataa.”

Sidi alicheka, kisha akaangua kilio. “Kilichobaki cha Chirau ni yeye tu!”

Waliporudi nyumbani, Tangawizi alikuwa amejikunja juu ya kiti cha Chirau. Chini yake palikuwa na kikoi.

“Hulala hapo kila siku?” Kahindi aliuliza.

“Kila siku, mpaka nirudi kutoka kazini.”

Kahindi alikivuta, akakikung'uta dirishani. Manyoya mekundu yalitimka mpaka yakamkohoza.

“Sidi! Dawa yako ndiyo ugonjwa wako.”

“Nikikifua, harufu yake itapotea.”

“Najua.”

“Na Tangawizi?”

“Sitakuchagulia. Ukiniambia niondoke, nitaondoka, na nitaendelea kukupenda huko huko.”

Sidi alikipokea kikoi. Kisha akachukua beseni na sabuni.

“Kwaheri, Chirau,” alisema, mikono ikiwa majini. “Nilikupenda. Na huyu nampenda.”

Jioni ile Kahindi alimpeleka mbwa kwa mavyaa, Kisauni. Sidi alibaki mlangoni akilia kwa sauti, majirani wakidhani amefiwa tena. Zile alama zilififia, na siku ya posa ya pili alisema ndiyo kabla mtu hajaketi.

Walipotoka kanisani siku ya harusi, simu ya Sidi ililia.

“Piteni kwangu,” mavyaa alisema. “Msiende bila radhi.”

Wakapita. Ilikuwa alasiri. Tangawizi alifungwa mbali, chini ya ukingo wa paa, ili bibi harusi asipate madhara. Ghafla akainuka, akachomoa kamba, akakimbilia langoni. Akatikisa mkia, akainua kichwa. Nje hapakuwa na mtu.

Akarudi polepole, macho juu, kama anayeandamana na mtu. Kahindi alitaka kumfukuza.

“Mwache!” mavyaa alisema. Alisogeza kigoda kitupu karibu na Sidi. “Keti, mwanangu Chirau. Sema nao.”

Mbwa akalala kando ya kigoda.

Kitu baridi kilimgusa Sidi mkononi, juu ya kiwiko, vidole vinne, taratibu kabisa. Kikamshika kidogo. Kisha kikamwachia.

“Sidi?” Kahindi alinong'ona. “Yawasha?”

Sidi alikunja mkono wa gauni, akatazama. Ngozi ilikuwa safi.

“La,” alisema, machozi yakimtiririka. “Safari hii haiwashi.”